SAFARI YA INJILI NG'AMBO YA MPAKA: JIANDAE KABLA YA KUTOA MGUU



 

Kila mwaka, muhula wa pili unapokaribia kuisha, ubao wa matangazo ulio kando ya maktaba hubandikwa karatasi yenye maneno haya: "Wanaotaka kwenda misheni likizo ya Agosti wajiandikishe." Basi hapo ndipo utakapoona mambo! Hata wale ambao ibada ya Jumapili huwakuta wakisinzia viti vya nyuma hupanga foleni. Ukiwauliza waendako watakwambia, "Uganda, bwana!" Ukiwauliza wanakwenda kufanya nini, kimya. Mwaka juzi mimi nilikuwa mmoja wao. Nilikwenda, nikarudi, na kuna mambo mawili yaliyotokea ambayo hayajanitoka moyoni hadi leo. Nitayasema bila kuficha. Lakini kwanza acha nieleze jinsi safari ya namna hii inavyotayarishwa, maana chama chetu cha Kiswahili kimenipa kurasa hizi nifunze wenzangu, si nilie tu.

JAMBO LENYEWE NI LIPI?

Misheni ya muda mfupi ni safari ya Wakristo wanaoondoka kwao kwa siku chache au majuma machache, kwenda kusaidia kanisa la mahali pengine katika kuhubiri, kuimba, kufundisha watoto na kufanya kazi za mikono. Neno la kushika hapo ni "kusaidia". Mgeni wa siku kumi hawezi kuanzisha kanisa, wala hawezi kumjua mtu vizuri. Kanisa liko pale kabla yake na litabaki pale baada yake. Yeye ni kibarua wa muda katika shamba la wenyewe.

Kundi letu lilikuwa na wanafunzi kumi na sita na walimu wawili. Tulikwenda eneo la Busoga, mashariki mwa Uganda, katika kijiji kimoja kisicho mbali sana na mji wa Iganga. Ukitoka Kenya unavuka mpaka pale Busia, unapita Bugiri, kisha Iganga. Ukizidi kwenda mbele utafika Jinja, mahali mto Nile unapotoka katika Ziwa Victoria. Kwa hivyo si mbali. Lakini jamani, usidanganyike na ukaribu. Mpaka ni mpaka, hata kama ng'ambo yake unaona watu wanaokula ugali kama wewe.

WALIOTUTANGULIA

Sisi si wa kwanza kutoka kwetu na kwenda kwa watu na Biblia mkononi. Wanaosoma somo la historia watakumbuka Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844. Hakuwa amekaa hata miezi mitatu alipompoteza mkewe, Rosina, pamoja na mtoto wao mchanga. Homa ilikuwa imewashika. Siku zile hakuna aliyejua kuwa malaria huletwa na mbu. Ronald Ross aliona vijidudu vya malaria ndani ya mbu mwaka 1897, zaidi ya miaka hamsini baadaye. Krapf hakuwa na njia ya kujikinga na jambo ambalo halikujulikana. Wewe na mimi tunalijua. Tukienda bila chandarua tutamlaumu nani?

Wa pili ni Askofu James Hannington. Huyu aliondoka pwani mwaka 1885 akielekea Buganda, akachagua njia fupi ya kupitia nchi ya Wamaasai na kuingia Busoga kutoka mashariki. Njia ilikuwa fupi kweli, lakini katika Buganda wageni waliotoka upande wa mashariki walitazamwa kama maadui wanaokuja kuiteka nchi. Yeye hakujua uzito wa jambo hilo. Alikamatwa huko huko Busoga na tarehe 29 Oktoba 1885 akauawa kwa amri ya Kabaka Mwanga, yeye pamoja na wengi wa wapagazi wake. Simtaji ili kumtisha mtu. Siku hizi hakuna atakayekuchoma mkuki pale Busia. Ninachosema ni kwamba mgeni asiyeuliza mlango wa kuingilia anaweza kuwaumiza hata wale waliombebea mizigo.

Wa tatu ndiye ninayempenda kuliko wote, kwa sababu ni Mwafrika mwenzetu: Apolo Kivebulaya, Mganda. Mwishoni mwa mwaka 1896 alivuka kwenda Mboga, mahali ambapo leo pako katika nchi ya Kongo. Mtawala wa huko alimpinga. Akapigwa, akafungwa, lakini akarudi tena, na baadaye mtawala yule yule akabatizwa. Kivebulaya aliwaendea hata Wambuti wa msituni na kujifunza lugha yao. Alikufa huko Mboga mwaka 1933. Piga hesabu, msomaji: miaka zaidi ya thelathini. Sisi tulikwenda siku kumi na tukarudi tukijiita "wamishonari". Kumbuka jina hili la Kivebulaya siku utakapoanza kuvimba kichwa.

KARATASI: USINGOJE DAKIKA YA MWISHO

Sasa tuingie katika matayarisho. Miezi sita kabla ya safari ndio wakati wa kushughulikia karatasi.

Mkenya mtu mzima anaweza kuingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho cha taifa. Makubaliano hayo yalianza kutumika mwaka 2014. Lakini wengi wetu hapa shuleni hatujafika miaka kumi na minane, kwa hivyo hatuna kitambulisho. Mwanafunzi kama huyo anahitaji pasipoti, au kile kibali cha muda cha kusafiria Afrika Mashariki kinachotolewa na Idara ya Uhamiaji. Kwa vyovyote vile, utahitaji cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha mzazi. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Cheti kina jina moja, shule inakujua kwa jina lingine. Au cheti kiko kwa nyanya ambaye hakumbuki alikiweka mtungi gani. Kitafute mapema. Tena kama una pasipoti tayari, tazama tarehe yake ya mwisho. Nchi nyingi hutaka iwe imebakisha miezi sita au zaidi.

Pili ni barua ya idhini. Mwalimu hawezi kuwavusha watoto wa watu mpaka bila idhini ya wazazi. Barua iwe na jina la mwanafunzi, tarehe za kwenda na kurudi, mahali atakapolala, nambari ya simu ya mzazi, na nakala ya kitambulisho cha mzazi. Ni vizuri ipigwe muhuri wa wakili. Mwalimu mkuu naye ataomba kibali cha safari kutoka ofisi ya elimu. Msimsumbue na kumwambia "twende tu, Mungu atafungua njia". Mungu huyo huyo ametupa miezi sita ya kujiandaa.

Tatu ni ile kadi ya manjano, na hapa naomba unisikilize vizuri.

Uganda humtaka msafiri aonyeshe cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Ugonjwa huu huletwa na virusi vinavyosambazwa na mbu, na hauna dawa ya kuuponya. Unaweza kutibiwa dalili tu. Chanjo yake ni ya kuaminika. Tangu Julai 2016, kwa kanuni za afya za kimataifa, sindano moja inatosha maisha yote. Lakini kuna jambo ambalo wengi hawalijui: cheti hakianzi kufanya kazi siku unayodungwa. Kinaanza siku ya kumi baada ya chanjo, kwa sababu mwili unahitaji muda wa kujenga kinga.

Mwenzetu mmoja, kijana aliyekuwa akitupigia kinanda, aliogopa sindano. Kila Jumamosi tulipokwenda kudungwa yeye alikuwa na udhuru: leo ana homa, kesho ana zamu ya kuosha bwalo. Mwishowe alidungwa siku nne kabla ya safari. Tulipofika Busia, afisa wa afya akaitazama kadi, akahesabu kwa vidole, akatikisa kichwa. Tulimsihi. Tuliimba hata wimbo! Afisa alikuwa mpole lakini sheria ilikuwa sheria. Mwalimu wetu mmoja alilazimika kurudi naye nyumbani, na kwa siku kumi tukabaki na mwalimu mmoja na kinanda ambacho hakuna aliyejua kukipiga. Mama yake kijana yule alikuwa ameuza mbuzi ili alipe mchango wa safari. Sitasahau alivyokaa kimya dirishani ndani ya matatu ya kurudi. Huo ndio mkasa wa kwanza niliosema. Chelewa chelewa, utakuta mwana si wako.

AFYA: MILIMANI SI ZIWANI

Shule yetu iko milimani, kwenye baridi, ambako mbu ni wachache. Busoga iko chini, karibu na ziwa, na malaria huko si mchezo. Mtu aliyekulia mahali pasipo na malaria nyingi hana kinga mwilini kama mwenyeji. Mwenyeji anaweza kuumwa na mbu yule yule akaendelea kulima, na wewe ukalazwa. Kwa hivyo muone daktari majuma kadhaa kabla ya safari akueleze dawa ya kujikinga inayokufaa. Dawa hizo humezwa kabla ya kufika, wakati ukiwa huko, na huendelea kumezwa hata baada ya kurudi. Usiache njiani kwa kuwa "umeshafika nyumbani". Na chandarua chenye dawa kiwe cha kwanza kuingia kwenye mkoba, kabla ya hata ile fulana mpya ya kupigia picha. Mbu wa malaria huuma usiku.

Jambo lingine ni kichocho. Maji ya ufuo wa ziwa yanapendeza machoni, lakini konokono wadogo wa humo hubeba vijidudu vinavyopenya ngozi ya mtu anayeoga au kuchezea majini. Msiogelee, hata kama watoto wa pale wanaogelea. Maji ya kunywa yachemshwe. Mtu akiharisha, chukua lita moja ya maji safi, tia vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi, koroga, anywe kidogo kidogo huku akipelekwa hospitali.

Halafu, ukirudi, ukapata homa hata baada ya majuma mawili au matatu, usiseme ni uchovu wa masomo. Nenda kwa matroni na umwambie wazi: "Nilikuwa Uganda." Maneno hayo mawili yanaweza kuokoa maisha, kwa sababu daktari wa milimani huenda asifikirie malaria mara moja.

PESA: MALI BILA DAFTARI

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tulichanga kwa njia nyingi: tuliosha magari ya walimu, tuliuza mandazi siku ya wazazi, tukafanya harambee ndogo kanisani. Kila shilingi iliandikwa na mweka hazina pamoja na mwalimu, na daftari likawa wazi kwa yeyote aliyetaka kulitazama. Jambo hili lilizuia manung'uniko mengi.

Bajeti yetu tuliigawa mafungu matano: nauli, karatasi na chanjo, chakula na malazi, vifaa vya kazi, na akiba ya dharura. Usiguse fungu la mwisho kwa soda. Ndilo lililomrudisha mwenzetu nyumbani siku ile.

Fungu la chakula ndilo watu husahau. Wenyeji wetu ni wakarimu kupindukia. Watakuchinjia kuku hata kama ndiye kuku wa mwisho. Basi kabla ya kufika, kundi litume pesa za chakula kwa kanisa mwenyeji au linunue unga, mchele na sukari njiani. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wageni kumi na wanane wakila bure siku kumi, hilo si baraka tena bali ni balaa.

Kuhusu kubadilisha pesa, tumieni benki au duka lililoandikishwa. Wale wanaokukimbilia kando ya barabara na mabunda ya noti wanaweza kukuchanganya, hasa kwa kuwa noti za Uganda zina sufuri nyingi na mtu hujiona tajiri ghafla. Nilipoipokea noti yangu ya kwanza ya elfu hamsini nilitaka kuwanunulia wote chakula. Mwalimu akacheka hadi machozi yakamtoka.

LUGHA NA ADABU

Hapa wanachama wa Chama cha Kiswahili wategee sikio. Wengi wetu tulidhani kuwa kwa vile Kiswahili ni lugha ya Afrika Mashariki, tutafika na kumwaga tu kama maji. Wapi! Katika Uganda Kiswahili kina historia yake. Kwa miaka mingi watu wengi walikihusisha na askari na hata majambazi, kwa kuwa ndicho kilichosikika kambini na vizuizini enzi za Idi Amin. Mzee aliyeteswa na mtu aliyemfokea kwa Kiswahili hawezi kukipenda kwa siku moja. Ni kweli kuwa mambo yanabadilika. Katiba ya Uganda ilirekebishwa mwaka 2005 ili Kiswahili kiwe lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 baraza lao la mawaziri liliidhinisha kifundishwe kama somo la lazima shuleni. Vijana wengi tuliokutana nao walitaka sana kujifunza. Lakini mlango wa kuingilia ni lugha ya mwenyeji.

Kwa hivyo tulijifunza maneno machache ya Kisoga kabla ya kwenda. Ukisema "Kodheyo" kumsalimu mtu, uso wake unafunguka. Ukipewa kitu sema "Webale inho", yaani asante sana. Maneno hayo mawili yalitufungulia nyumba nyingi kuliko mahubiri yetu yaliyokaririwa. Mahubiri yenyewe yalihitaji mkalimani, na hilo pia hufanyiwa mazoezi: sema sentensi fupi, nyamaza, umngojee. Mmoja wetu alisema sentensi ndefu kama treni, mkalimani akamtazama, akasema maneno matatu tu, kanisa zima likacheka.

Mavazi ni muhimu. Wasichana wavae sketi au magauni yanayopita magoti. Wavulana waache suruali zinazoning'inia. Usishangae ukiona wanawake na wasichana wakipiga magoti kusalimia wakubwa. Usicheke, wala usijifanye kuwafundisha kuwa wamepitwa na wakati. Ni heshima yao.

Tena katika Busoga kuna Waislamu wengi. Uislamu uliingia Buganda mwaka 1844, na wamishonari wa kwanza Wakristo walifika mwaka 1877. Karibu na kanisa tulilofikia palikuwa na msikiti, na majirani wake ndio waliotuazima viti. Tulikatazwa kabisa kuitaja dini ya mtu kwa kejeli. Ndugu zangu Waislamu wa shule hii watakubaliana nami kuwa hakuna aliyewahi kuvutwa na matusi.

KAZI YENYEWE: ULIZA KWANZA

Kuuliza si ujinga. Kundi lililotutangulia lilibeba magunia mawili ya nguo kuukuu. Wenyeji walishukuru kwa adabu, lakini soko la mitumba lilikuwa pale pale, na mama mmoja muuza mitumba, mshirika wa kanisa hilo hilo, alikosa wateja juma zima. Nani alisaidiwa hapo?

Sisi tuliandika barua mapema tukauliza, "Mnahitaji nini?" Jibu lilitushangaza. Hawakutaka nguo wala rangi ya ukuta. Walikuwa na tangi la maji lililokaa tupu kwa sababu paa la kanisa halikuwa na mifereji ya kukingia mvua. Basi tukanunua mabati ya mifereji Iganga, fundi wa pale pale akatuongoza, sisi tukashika ngazi na kupigilia misumari. Fundi alilipwa. Siku ya nane mvua ilinyesha na tangi likaanza kujaa. Kina mama walipiga vigelegele. Nakwambia, sauti ya maji yale yakiingia tangini naisikia hadi leo.

Kuhusu watoto, tulikuwa na kanuni: hakuna mtu kukaa peke yake na mtoto mahali pa faragha, siku zote wawe watu wazima wawili. Hakuna kupiga picha mtoto bila ruhusa ya mzazi wake. Jiulize, je, ungependa mgeni aje kwenu akupige picha ukiwa na fulana iliyochanika, aende akaionyeshe kwao?

AHADI NI DENI

Sasa nifike kwenye mkasa wa pili, na huu ni wangu mwenyewe.

Katika nyumba niliyolala palikuwa na mvulana wa darasa la tano. Kila jioni alikaa nami nje akinitajia vitu kwa Kisoga nami nikimtajia kwa Kiswahili: mwezi, ng'ombe, moto, kuni. Alikuwa mwepesi ajabu. Siku ya mwisho aliniuliza kama shuleni kwetu kuna vitabu vya hadithi vya Kiswahili. Nikasema vipo tele. Akauliza kama naweza kumpa kimoja. Nikamwambia, kwa sauti kubwa mbele ya baba yake, "Nikifika tu nitakutumia." Alifurahi akaruka juu.

Nilifika. Kulikuwa na mitihani. Kisha kukawa na mashindano ya tamthilia. Kisha nikasahau, au niseme ukweli: nilikumbuka mara kadhaa nikajiambia "kesho". Mapema mwaka huu mchungaji aliyetupokea alimwandikia mwalimu mlezi wetu ujumbe wa simu, akitusalimu na kutueleza habari za tangi. Mwishoni akauliza kama kile kitabu kilipotelea njiani, kwa sababu mvulana yule bado hupita kwake Jumamosi kuuliza kama kuna mzigo kutoka Kenya.

Mwalimu alinisomea ujumbe huo ofisini. Sikujua niweke wapi uso wangu. Mimi niliyesimama madhabahuni nikahubiri juu ya uaminifu! Mvulana yule hatakumbuka mahubiri yangu hata moja. Atakumbuka kitabu ambacho hakikuja.

Kwa hivyo katika mazoezi ya kundi la mwaka huu nimeomba iongezwe kanuni moja: hakuna mtu kutoa ahadi yoyote peke yake, iwe ya karo, simu, kiatu au barua. Ukiombwa kitu, sema, "Nitamwambia kiongozi wetu." Kiongozi ataandika daftarini, kundi litajadiliana na mchungaji mwenyeji, na kitakachokubaliwa kitatimizwa na kutiwa alama. Hii si roho mbaya. Ni afadhali "hapana" ya leo kuliko "ndiyo" inayomfanya mtoto atembee kila Jumamosi bure.

BAADA YA KURUDI

Safari haiishi basi linapoingia langoni. Kaeni chini juma la kwanza mfanye mambo manne: someni hesabu ya pesa mbele ya waliochanga, andikieni wenyeji barua ya shukrani, fungueni daftari la ahadi, na waulizeni wenyeji, bila woga, ni wapi mlikosea. Swali hilo la mwisho ni chungu, lakini ndilo litakalolisaidia kundi linalofuata.

Na usirudi ukadharau kwenu. Ukiweza kupigilia mifereji Busoga, unaweza pia kufagia kanisa lililo nje ya lango letu, au kumtembelea mpishi wetu aliyelazwa. Asiyeweza kumsalimu jirani hana haja ya pasipoti.

Msomaji mpenzi, wino unaniishia. Mwaka huu mimi siendi, kwa sababu niko Kidato cha Nne na mtihani unabisha hodi. Lakini vitabu viwili vya hadithi vya Kiswahili, kimoja cha ile ahadi na kingine cha kuomba msamaha, viko tayari kwenye mkoba wa kiongozi wa kundi, na majina yake yameandikwa kwenye daftari, mstari wa kwanza. Ninamngojea arudi aniambie alichosema yule kijana. Nanyi mnaojiandikisha mwaka huu, nendeni mkadungwe sindano Jumamosi hii, si ile ijayo.

Kwaherini ya kuonana.

(Mwandishi ni mwanafunzi wa Kidato cha Nne na mwanachama wa Chama cha Kiswahili.)